Kibodi na mausi zisizo na waya zinaruka herufi kwenye Linux Mint, naombeni msaada

mama_steshenari:
Wakuu habari zenu, nina laptopu ya mtumba nimeiwekea Linux Mint (mfumo endeshi wa bure badala ya Windows) kwa kazi za steshenari, kibodi yake yenyewe ilimwagikiwa chai ikafa nusu, ndo nikanunua kibodi na mausi za Logitech zisizo na waya, risiva yake ni moja tu, ile ndogo ya USB. Siku ya kwanza nilichomeka zikafanya kazi palepale bila kuinstoo chochote. Shida imeanza juzi, herufi zinapotea, nyingine zinajirudia, jana mteja kakaa pembeni yangu nachapa YAH: MAOMBI YA KAZI inatoka YH: MAOMI YA KAZIIIII, na mshale wa mausi unakwamakwama. Nimebadilisha betri mara 2 hamna kitu. Hapa mtaani wananiambia Linux haiendani na hivi vitu nirudi Windows, ila kwa kweli sitaki, mashine ilikuwa inaelemewa. Nifanyeje?

kijana_wa_tanga:
Pole sana dada, usirudi Windows kwa hilo. Drava (programu inayoiendesha risiva) ipo tayari ndani ya kerneli, yani kiini cha Linux, na ingekuwa haipo hata siku ya kwanza zisingefanya kazi. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) andika lsusb, inaorodhesha vifaa vya USB, tuwekee hapa mstari wa Logitech. Halafu kumbuka kama uliwahi kurun powertop --auto-tune, ile inalaza USB ili kuokoa chaji, ukiiacha mausi sekunde chache inasinzia mpaka uibonyeze.

mama_steshenari:
Asante kaka. Imetoka hivi: ID 046d:c52b Logitech, Inc. Unifying Receiver. Hiyo powertop sijawahi kuigusa. Nilichosahau kusema, inazidi nikichomeka diski ya nje ninayotunzia kazi za wateja, nimeinunua wiki hii, nikiichomoa inatulia.

fundi_redio:
Hapo kwenye diski ndo penyewe. Hiyo risiva inaongea na kibodi kwa mawimbi ya 2.4 GHz, na USB 3.0 ikiwa inapitisha data inatoa kelele za redio zinazoangukia humohumo kwenye 2.4 GHz, Intel wenyewe waliandika ripoti kuhusu hilo mwaka 2012. Yani diski ikifanya kazi kando ya risiva ni sawa na mtu anakupigia ngoma sikioni huku mwingine anakunong'oneza, risiva inakosa taarifa kwamba umebonyeza herufi inaruka, ikikosa taarifa kwamba umeachia ndo hizo KAZIIIII. Hata kwenye Windows ingekusumbua vilevile. Toa risiva kwenye tundu lililo jirani na diski, peleka upande wa pili wa laptopu, tundu la USB 2.0 kama lipo, mara nyingi ndani ni jeusi na la 3.0 ni la bluu. Kama haitoshi nunua waya wa kurefushia USB, hata wa mita 1, risiva ikae mezani karibu na kibodi, mbali na diski na waya wake. Mimi huo waya ndo naupenda kuliko njia zote.

Na ukipata nafasi, andika kwenye terminali sudo apt install solaar, ni programu ya kusimamia vifaa vya Logitech. Haitatibu kelele, ila inakuonyesha chaji ya betri, na kwa kuwa risiva yako ni Unifying inabeba mpaka vifaa 6, siku mausi ikifa unanunua nyingine yenye alama ya nyota ya rangi ya chungwa unaiunganisha hapohapo kwenye Solaar, sio lazima ununue seti nzima.

mama_steshenari:
Mungu akubariki fundi. Nilihamisha upande wa pili ikapungua ila haikuisha, nikatoka kutafuta waya, sasa risiva nimeibandika kwa seloteipu pembeni ya kibodi. Nimekopi mafaili kwenda kwenye diski huku nachapa kurasa 3, haijaruka herufi hata moja. Solaar nayo inasema betri za kibodi ni nzima, kumbe zile za kwanza nilizitupa bure. Barua ya yule mteja nimeichapa upya, anaipitia saa 9.

kijana_wa_tanga:
Safi sana dada, hilo la diski hata mimi nilikuwa silijui, naenda kuhamisha ya kwangu sasa hivi.