Mama hataki nitoke kupinga mswada wa maandamano. Nifanyeje?

Mwana_wa_Kisauni
Habari zenu nyote. Naomba ushauri, hasa kwa wazazi na wanaojua sheria.

Nina miaka 22. Vijana wa mtaa tumeusoma huu mswada wa mwaka 2025 alioupeleka katika Bunge letu la Kenya mbunge Esther Passaris, wa kurekebisha Sheria ya Utulivu wa Umma. Unakataza kuandamana ndani ya mita 100 kutoka Bunge, mahakama na maeneo yanayolindwa, na unampa waziri uwezo wa kututengea mahali pa kuandamania. Ukimlalamikia mbunge mahali asipokusikia, umemlalamikia nani?

Tumepanga kutembea Moi Avenue. Mama hataki. Mjombangu alichukuliwa alfajiri mwaka 2014 na watu waliokuja na gari lisilo na namba. Kituo kimoja walisema hawamjui, cha pili wakakataa hata kuandika ripoti. Kanzu yake ingali nyuma ya mlango wa chumba cha nyanya, na kila Ijumaa nyanya huipiga pasi. Jana nimeamka raba zangu hazipo. Mama amezificha. Simlaumu, lakini kunyamaza siwezi.

Mama_wa_Watatu
Mwanangu, mamako hapingi unachodai. Anaogopa kutundika kanzu ya pili. Kaa naye umsomee huo mswada. Wangu alipotoka kuandamana 2024, kilichoniuma si kwenda, ni kuniaga kwa uongo. Mwambie saa, njia, na mko na nani. Na kabla ya barabara pelekeni maoni kwa maandishi, Bunge linalazimika kusikiliza wananchi.

Karani_wa_Korti
Kaka, Kifungu cha 37 cha Katiba kinakupa haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, kwa amani na bila silaha. Mnachotakiwa ni kumjulisha OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, kwa barua, siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla. Kumjulisha, si kumwomba ruhusa. Wengi huchanganya hapo, na wapo maafisa wanaopenda tuchanganye. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo.

Ukikamatwa, Kifungu cha 49 kinataka ufikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata kama muda umeishia wikendi. Namba ya wakili iandike mkononi kwa kalamu, maana simu ndiyo hutangulia kuchukuliwa.

Na korti usiidharau. Desemba 2014, baada ya mauaji ya al-Shabaab kule Mandera, sheria ya usalama ilipitishwa wabunge wakishikana mashati ukumbini. Muungano wa upinzani wa CORD na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu wakashtaki. Februari 2015 majaji 5 walifuta vifungu 8, kikiwemo kilichowatishia wanahabari kwa faini ya milioni 5 au jela miaka 3.

Pwani_Macho
Shikamoo Mama wa Watatu, lakini kwa maoni ya maandishi naomba tutofautiane. Mswada wa Fedha wa 2024, ule wa kuongeza kodi, watu waliupelekea maoni, wabunge wakaupitisha vilevile. Rais alikataa kuutia saini Juni 26, siku moja baada ya vijana kuingia Bungeni. Ila damu ilimwagika, na Tume hiyohiyo ilihesabu waliokufa wasiopungua 60. Kwa hiyo nenda, ndugu yangu, lakini usiende peke yako, na mawe yakianza kurushwa ondoka hapo hapo.

Mwana_wa_Kisauni
Ahsanteni sana. Usiku nimemsomea mama. Tulipofika pa mita 100 akanisimamisha. “Mimi na nyanyako tulikaa siku nne langoni mwa kituo tukimtaka mjombako. Hilo nalo litakuwa kosa?” Nilishindwa kumjibu. Karani, nisaidie hapo.

Raba bado hajanipa. Lakini barua ya OCS ameisoma yote, na tarehe niliyokosea amenisahihishia kwa kalamu yake.