Stage 2 ya ICU Uingereza: miezi, mtihani wa FFICM na ushahidi wa ARCP vipangwe vipi?

NahodhaWaZamu
Madaktari wenzangu, habari zenu. Naingia ST5 (mwaka wa tano wa mafunzo ya ubingwa, ndipo Stage 2, hatua ya pili, inapoanza; ST6 ni mwaka unaofuata) ya tiba ya wagonjwa mahututi (ICU) hapa Uingereza mwezi wa nane. Nasomea taaluma moja tu, sijaunganisha na usingizi wala tiba ya ndani. Mtaala wa 2021 wa FICM (chombo kinachosimamia taaluma hii) nimeusoma, yale matokeo 14 ya kujifunza nayajua. Kisichonikalia sawa ni mpangilio: ICU ya moyo, ya ubongo na ya watoto zifuatane vipi, FFICM (mtihani wa ubingwa wa ICU) iingie wapi, na jopo la ARCP (tathmini ya kila mwaka ya maendeleo ya mwanafunzi) hutazama nini hasa kabla ya kumruhusu mtu aende Stage 3?

Bi_Pumzi
Karibu daktari. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Stage 2 ni miezi 24 kwa anayefanya kazi muda wote. Miezi 12 ni ya ICU maalumu: moyo, ubongo na watoto, mitatu mitatu, na mitatu inayobaki kwa kawaida ni ICU ya jumla. Miezi 12 mingine ni mwaka wa ujuzi maalumu. Wenye taaluma mbili mwaka huo huliwa na taaluma yao ya pili. Wewe unachagua: eko (kupima moyo kwa ultrasaundi), ECMO (mashine ya kuipa damu oksijeni nje ya mwili), usafirishaji wa wagonjwa, utafiti, ufundishaji, uboreshaji wa huduma na kadhalika.

Mfuatano hauamui wewe peke yako, nafasi zinagawiwa na mkuu wa programu wa kanda. ICU ya watoto ndiyo yenye foleni, maana hospitali zenye kitengo hicho ni chache na madaktari wa watoto nao wanazitaka nafasi hizo hizo. Mwandikie mapema, na umtajie tarehe unazolenga kufanya mtihani. Ukinyamaza utapangiwa palipobaki.

Sasa mtihani, maana hapo ndipo watu hukwama. Bila FFICM kamili huingii Stage 3, hata miezi yako 24 iwe imetimia. Unaanza na karatasi ya maswali ya kuchagua. Ukiifaulu ndipo unaruhusiwa kwenye OSCE (mtihani wa vitendo wa kupita vituo) na SOE (mtihani wa mdomo). OSCE ina vituo 13, kimoja ni cha majaribio, hakihesabiwi na huambiwi ni kipi. SOE ina maswali 8. Kila sehemu hufanyika mara mbili tu kwa mwaka. Kwa hiyo anayeanza karatasi katikati ya ST6 akianguka mara moja tu, ARCP inamkuta bila cheti, na matokeo yake ni Outcome 3, yaani muda wa ziada. Ushauri wangu: karatasi ndani ya ST5, kisha OSCE na SOE mwanzoni mwa ST6, ili akiba ya duru moja ibaki. Ukifaulu OSCE ukaanguka SOE, unarudia SOE peke yake.

KaratasiSafi
Naongezea upande wa ushahidi. Jopo halikai kuhesabu fomu. Linatazama kama kila tokeo kati ya yale 14 limefika kiwango kinachotakiwa mwisho wa Stage 2. Viwango ni vinne: cha 1 msimamizi yuko pembeni yako muda wote, cha 2 yuko karibu na anafika haraka, cha 3 anakuelekeza kwa simu, cha 4 unajitegemea. Jedwali la viwango limo ndani ya mtaala. Lichapishe, ulibandike ukutani.

Makosa yanayojirudia ni haya. La kwanza, CBD (fomu ya tathmini ya kujadili kisa) moja kuunganishwa na matokeo saba. Msimamizi akiifungua anakuta mistari mitatu kuhusu sepsisi, na hakuna hata sentensi moja inayogusa maadili wala usalama wa mgonjwa. Iunganishe na mawili, matatu yakizidi. La pili, kuomba fomu wiki sita baada ya kisa. Bingwa hakumbuki, anaandika "good", na neno hilo halithibitishi kiwango chochote. Omba siku hiyo hiyo, na umwambie waziwazi: "Naomba uniandikie kama ningeweza kuachiwa kisa hiki nikiwa na wewe kwenye simu." La tatu, fomu zote kuwa DOPS (tathmini ya kazi za mikono) za kuweka laini za mishipa. Stage 2 inataka uonekane ukiongoza: ACAT (tathmini ya kuongoza kazi ya zamu) ya raundi nzima, mazungumzo na familia, uamuzi wa kusitisha tiba, kumkataa au kumpokea mgonjwa kutoka wodini.

MSF (maoni ya wafanyakazi wenzako) ni kila mwaka, na inachelewa kwa sababu wauguzi na wafiziotherapia hawajibu barua pepe haraka. Ianzishe miezi minne kabla ya ARCP. Ripoti ya msimamizi wa mafunzo nayo haiandikiki jana yake. Karatasi zikipungua utapewa Outcome 5 (ushahidi haujakamilika), ambayo si adhabu ila inakuharibia likizo.

Mfereji
Hapo kwenye mfuatano nina neno. Ukipata fursa, tanguliza ubongo au moyo kabla ya OSCE, kwani mambo ya vitengo hivyo hujitokeza sana kwenye vituo. Na usiende kila kitengo kama mgeni wa kutazama; miezi mitatu ikitolewa likizo na zamu za usiku inabaki kidogo.

Ubongo: shika hesabu ya CPP (presha inayosukuma damu kwenye ubongo), yaani MAP (presha ya wastani ya ateri) ukitoa ICP (presha ndani ya fuvu). Angalia transdyusa (kihisi cha presha) ya ateri imewekwa usawa gani. Kichwa kikiwa kimeinuliwa nyuzi 30 na transdyusa ikabaki usawa wa moyo, CPP itasomeka kubwa kuliko ilivyo. Hakikisha umeshiriki vipimo vya kifo cha shina la ubongo: madaktari wawili, wote wamesajiliwa kikamilifu zaidi ya miaka mitano, angalau mmoja bingwa, na vipimo hufanywa mara mbili.

Moyo: mgonjwa aliyetoka kupasuliwa kifua akisimama moyo, mambo hayaendi kama wodini. Akiwa na VF (moyo unatetemeka bila kusukuma damu), mpige shoti za umeme hadi tatu mfululizo kabla ya kubonyeza kifua, iwapo zinapatikana ndani ya dakika moja. Moyo ukitulia kabisa, washa pesimeka (kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo) kwa nguvu ya juu. Adrenalini ya mg 1 usiitoe: moyo ukirudi, presha inapanda ghafla na mishono inaachia. Kifua kifunguliwe ndani ya dakika 5. Omba zoezi la kuiga la hili wiki ya kwanza.

Watoto: hutegemewi kuwa bingwa wa watoto. Lengo ni kumtambua mtoto mahututi, kumtuliza na kumwandaa timu ya usafirishaji ije kumchukua. Uzito kwa kilo (mwaka 1 hadi 10) ni umri jumlisha 4, mara 2. Maji 10 ml kwa kilo, kisha upime tena. Adrenalini ya moyo kusimama mikrogramu 10 kwa kilo. Shoti 4 J kwa kilo. Mpira wa kupumulia wenye kafu (puto la kuziba), kipenyo kwa milimita: umri gawa kwa 4, jumlisha 3.5, na uangalie umezama kiasi gani, kwani kwa mtoto sentimita moja tu inatosha kuupeleka pafu la kulia.

NahodhaWaZamu
Asanteni sana. Mwaka wa ujuzi maalumu nafikiria eko. Na nikichukua likizo ya uzazi katikati?

Bi_Pumzi
Eko ni chaguo zuri, lakini usisubiri mwaka huo ufike. FUSIC Heart (cheti cha eko ya ICU) inataka skani 50 kwenye logibuku na msimamizi aliyeidhinishwa. Mtafute huyo kwanza, kabla ya kozi, maana mashine zipo na wasimamizi ndio adimu. Ukiimaliza FUSIC ndani ya ST5, mwaka maalumu unautumia kwa eko ya juu zaidi.

Likizo: ukikosekana kazini zaidi ya siku 14 kwa mwaka, ukiacha likizo ya kawaida na ya masomo, tarehe yako ya kumaliza mafunzo hupitiwa upya. Kupitiwa si lazima iongezwe, ila kwa likizo ya uzazi ya miezi kadhaa tarajia itasogea. Mjulishe mkuu wa programu kabla hajagawa nafasi za mwaka unaofuata, la sivyo zamu yako ya watoto atapewa mwingine.