Tupeane uzoefu: sisi tusioona tunavukaje barabara, na taa zenye sauti mmezikuta wapi?

Mleta uzi, Dar es Salaam
Wakuu, habari zenu. Mimi sioni tangu nikiwa na miaka tisa, natumia fimbo nyeupe, na kila siku ya kazi navuka Barabara ya Morogoro mara mbili. Leo naomba tuzungumzie kuvuka tu. Mengine yana nyuzi zake.

Mimi navuka hivi. Nasimama ukingoni, ncha ya fimbo ikigusa zege, nasikiliza. Magari ya mbele yangu yakisimama, mngurumo unashuka na kutulia mahali pamoja. Yale yanayoelekea ninakoelekea mimi yakianza kuondoka ubavuni kwangu, najua zamu yangu imefika. Asubuhi jua huwa shavu la kulia, nalo linanisaidia kunyoosha mwendo.

Tabu ni katikati. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016, yakiwa na njia zake katikati ya barabara, unavuka magari ya kawaida, halafu njia za mabasi, halafu magari ya kawaida tena. Kwenye njia za mabasi hakuna foleni ya kusikiliza. Basi linakuja peke yake, kwa kasi, kutoka kulia au kushoto. Trafiki naye akiingia kuongoza kwa mkono, hesabu yote inavurugika, maana mkono wake siuoni.

Siku moja mvua ilikuwa inapiga mabati ya vibanda, sauti zote zikachanganyika, nikadhani magari yamesimama. Pikipiki ikapita juu ya fimbo yangu. Nikabaki na mpini mkononi, sijui nimeelekea wapi. Mama mmoja muuza mahindi akanishika bega: "Mwanangu, geuka, unayafuata magari."

Taa yenye sauti ingeniambia mambo mawili: muda wa kuvuka, na ng'ambo iko wapi. Wengi hufikiria la kwanza tu. Aliyezitumia atusimulie.

Mdau, Nairobi
Pole sana ndugu yangu. Mimi nina uoni hafifu. Mchana naiona taa kama doa, ila rangi yake siipati. Ninachokiogopa siku hizi ni pikipiki za umeme. Ya petroli naisikia ikiwa bado mbali, hii inanifikia nikiwa nimesikia upepo wake tu. Nilisoma kwamba Umoja wa Ulaya tangu Julai 2021 unalazimisha kila gari jipya la umeme litoe sauti likienda polepole. Huku magari ya umeme yanaongezeka na sisi tunasikiliza kwa masikio yale yale. Taa ingekuwa na sauti nisingehitaji kukisia injini.

Mdau, Leicester, Uingereza
Mimi sioni kabisa, niko huku mwaka wa sita. Baadhi ya vivuko vinalia "bip bip bip" taa ya kijani ikiwaka. Lakini vivuko viwili vikikaribiana havilizwi, kwa sababu unaweza kusikia mlio wa barabara ya jirani ukaingia kwenye yako, na hapo ndipo watu hufa.

Wiki ya kwanza sikujua hilo. Nilisimama kwenye taa isiyolia hadi mzee mmoja mwenye mbwa wa kuongoza akaniuliza kama nimeshika chini ya kisanduku cha kitufe. Akauchukua mkono wangu akauweka pale. Kuna koni ndogo, imechongwa mistari kwa pembeni. Imetulia, imetulia, ghafla ikaanza kuzunguka kwenye vidole vyangu. Tukavuka. Ilibuniwa Chuo Kikuu cha Nottingham miaka ya 1980, na mtu asiyeona wala kusikia anaitumia vilevile.

Mleta uzi
Hiyo koni ina ukubwa gani? Na mvua ikinyesha?

Mdau, Leicester
Ndogo kuliko kidole gumba chako. Mvua haiidhuru, iko chini ya kisanduku. Ila inakuambia muda tu. Mwelekeo unautafuta kwa miguu, kwenye vigae vyenye vinundu vilivyotandikwa ukingoni.

Dereva wa bajaji, Mwanza
Shikamooni wakubwa. Mimi naona, lakini nimesoma uzi wote. Nilikuwa nikimkuta mtu mwenye fimbo nyeupe napiga honi ili ajue nipo. Abiria wangu mmoja asiyeona akanieleza kwamba honi inamfunika masikio, hajui tena arudi au aendelee. Akasema nisimame kabisa, nitulie, nimwache apite. Na nikitaka kumvusha nimuulize kwanza, kisha nimpe kiwiko changu akishike yeye, nisimsukume mgongoni. Nimewaambia wenzangu wote wa kijiweni.

Mdau, Tokyo
Mimi naona, ila baba yangu, yuko Tanga, haoni kwa sababu ya presha ya macho. Kwa hiyo nilipofika Japani kusoma, hizi taa ndizo kitu cha kwanza nilichokiangalia.

Kwenye vivuko vingi utasikia "piyo piyo" kama kifaranga, na ukivuka barabara inayokatiza unasikia "kakko kakko", mlio wa ndege mwingine. Hivyo masikio yanajua ni barabara ipi iliyofunguliwa. Kwenye vingine spika za pande mbili zinapokezana: hii ya nyuma yako inaita, ile ya ng'ambo inaitika. Ukitembea kuelekea inayoitika hupindi. Chini kuna vigae vya manjano vyenye vinundu. Alivibuni Seiichi Miyake, na vilitandikwa mara ya kwanza mwaka 1967 mjini Okayama, karibu na shule ya wasioona.

Kasoro ipo pia. Sehemu nyingi sauti inazimwa usiku ili majirani walale, na asiyeona anayetoka kazini usiku anabaki kama mleta uzi kwenye mvua.

Nilisimama kwenye kivuko kimoja nikamrekodia baba kwa simu, kuanzia kimya cha taa nyekundu hadi nilipofika ng'ambo. Akausikiliza mlio mara tatu. Kisha akanipigia: "Wanaovuka hapo, nani anawashika mkono?" Nikamwambia, hakuna baba, wanavuka wenyewe. Akanyamaza muda mrefu, halafu akaniomba nimtumie tena.