Kind: mtu mkarimu, mwema, au aina?

Katibu_Mwani: Wakuu habari za jioni, naombeni msaada nisije nikaumbuka. Tuna kikundi cha mwani huku Tanga, imekuja fomu ya wafadhili ya Kiingereza na mimi ndo katibu maana eti nimefika fom foo, sasa kuna sehemu wanauliza kikundi kitachangia nini "in kind" nami navojua kind ni mkarimu, nikajaza "tutawapokea vizuri kwa madafu". Mwenyekiti kaisoma akaniuliza mbona kamba na vigingi vyetu hujaviweka? Kamba na ukarimu wapi na wapi jamani?

Ticha wa Ngamiani: 😂😂 Mwenyekiti yuko sahihi. Kind kuna ya sifa, mtu mwema, na kuna kind yenye maana ya aina ya kitu. Hiyo ya fomu iko upande wa aina: unatoa vitu au nguvu kazi badala ya hela taslimu. Andika kamba, vigingi, siku mtakazoingia baharini. Ila utamu wake ni kwamba zote asili yake moja, Kiingereza cha kale walikuwa na gecynd, yaani asili au uzao, na ndugu yake ni kin, ukoo. Kumbe kind ni yule anayekutendea kama damu yake.

binti_chumbageni: Mi hiyo ya mkarimu naikataa tangu shule. Mkarimu ni mtoaji, wao wanamwita generous, na mtu anaweza kukulisha pilau kila Ijumaa huku anakusimanga mpaka kijiko kinakushinda, huyo utamwita kind? Na mpole pia siyo, mpole anaweza kukuona umedondoka na baiskeli barabarani akapita zake kimyaaa. Mwema ndo inakaribia.

Dafu Kavu: Na bosi wangu je, kila imeili "kindly submit", wema wenyewe sijawahi kuuona

Ticha wa Ngamiani: Hiyo ni tafadhali ya maofisini mkuu. Imevaa kanzu tu, ndani amri.

Katibu_Mwani: Shukran sana wakuu. Nimeweka kamba, vigingi na siku za kazi. Madafu nilishayafuta, mwenyekiti kasema niyarudishe, nayo si hela.