Naomba ushauri: natakiwa kwenda Kongo kuripoti, bima sina

Wakuu, habari zenu, wakubwa shikamooni. Nipo Mwanjelwa, Mbeya, mwandishi wa kujitegemea, naandikia vyombo vya nje. Mhariri mmoja wa Ulaya anataka niende mashariki mwa Kongo, kwa watu waliotawanyika tangu waasi wa M23 waingie mji wa Goma Januari 2025. Malipo mpaka habari itoke. Bima hatoi, na vesti ya kuzuia risasi nijitafutie mwenyewe. Jana mama alikuta begi langu mlangoni, akalifungua, akaanza kutoa nguo moja moja bila kusema neno. Iliniuma sana.

Najua Rory Peck Trust ya London husaidia waandishi wa kujitegemea. Kuna aliyewahi kuomba msaada wa mafunzo ya usalama? Na bima inayokubali maeneo ya vita mnakata wapi? Mhariri anataka jibu Ijumaa.