Bordeaux, Beaune au Tain? Siku tatu, mmoja anaonja waini, mwingine hagusi kabisa

mwisho_wa_reli

Wadau habari zenu, wakubwa shikamooni. Mi mtoto wa Mwanga hapahapa Kigoma, nasoma masta Lyon kule Ufaransa, sa hivi nipo nyumbani wiki tatu nakusanya data za tasnifu kwa wachuuzi wa dagaa Kibirizi, yaani mpaka laptopu inanuka dagaa. Narudi mwisho wa mwezi wa tatu, na mwezi wa nne binamu yangu wa Ujiji anayesoma Ujerumani anakuja kunitembelea, tuna siku tatu za kuzurura na hela ya mwanafunzi.

Sasa shida yangu. Mi nimeanza kupenda haya mambo ya kuonja waini. Novemba iliyopita wenzangu darasani walinipeleka Beaujolais, ni hapo juu kidogo ya Lyon, ile Alhamisi ya tatu ya mwezi waini mpya ya mwaka inapofunguliwa, mi sijui hili wala lile nikawa nameza kila glasi, kumbe ndoo iliyokaa mezani ni ya kutemea, nilidhani ya barafu. Nilirudi stesheni nimeshikwa mkono kama bibi harusi. Binamu yangu yeye hagusi kabisa, swala tano, ila anapenda majengo, historia na kupiga picha.

Nimebaki na machaguo matatu: Bordeaux (jina kubwa, kila mtu analijua), Beaune kule Bourgogne, au Tain-l'Hermitage ambako Mfaransa mmoja wa bwenini kwetu ananiambia ndo kwenyewe. Waliowahi kufika naombeni mnipe ukweli, msinipe ya kwenye vipeperushi.

mama_wa_Mwandiga

Marahaba mwanangu. Kwanza unasoma au unaonja? Pili hao mabinamu wawili siku tatu hoteli moja, shangazi yako anajua?

mwisho_wa_reli

Mama jamani ni wa kiume 😂 tena ana ndevu kunizidi. Na hatulali hoteli, analala kwangu kwenye godoro la chini.

mama_wa_Mwandiga

Haya, ungesema mapema. Endeleeni.

kuhe_mkubwa

Dogo Bordeaux nimekaa miaka miwili naipenda kama kwetu Gungu, lakini kutokea Lyon kwa siku tatu USIJARIBU. Tatizo siyo mji, tatizo ni njia, treni za maana zinakuzungusha mpaka Paris kwanza, ni sawa na kutoka Kigoma kwenda Mwanza kwa treni, huna ujanja lazima ukapindie Tabora. Basi lipo linakatiza katikati ya nchi lakini utakaa humo mpaka miguu ivimbe, siku ya kwanza imekwenda na ya tatu imekwenda, umebakiwa na moja.

Ila kwa huyo binamu yako nasikitika kidogo maana Bordeaux ingemfaa kuliko unavyodhani. Kuna jumba linaitwa Cité du Vin, lilifunguliwa 2016, ndani wanaeleza waini ya dunia nzima tangu zamani, tiketi yake unamalizia ghorofa ya juu unaona mji wote na mto Garonne na unapewa glasi, asiyekunywa anapewa juisi ya zabibu, hakuna anayemshangaa. Halafu Saint-Émilion, nusu saa na kidogo kwa treni, kijiji kizima cha mawe na kuna kanisa limechimbwa ndani ya mwamba mmoja, hawakujenga, wametoboa.

Kingine ambacho watu wa huku kwetu tunapaswa kukiona ni makumbusho ya Musée d'Aquitaine. Bordeaux ilitajirika na meli za kwenda visiwa vya Karibi, waini na bidhaa zinapanda, sukari inarudi, na meli nyingine zilipita kwanza Afrika kubeba watu. Wana vyumba vizima vya hiyo habari. Mi nimekulia Ujiji karibu na pale kwenye mwembe ambapo kila mgeni anaonyeshwa Livingstone na Stanley walipokutana 1871, njia ya watumwa tumeisoma tangu shule ya msingi, lakini kuikuta imeandikwa upande wa pili, na majumba mazuri ya ile hela bado yamesimama nje unapiga nayo picha, nilitoka nikakaa kwenye benchi mtoni sikutaka kuongea na mtu.

Nenda, lakini nenda ukiwa na wiki.

asali_ya_Sikonge

Mwangaluka wana Kigoma, naingia kutoka Tabora. Nimekaa Dijon mwaka mmoja na miezi, kwa hiyo mi kura yangu Beaune na sitanii.

Kutoka Lyon ile treni ya kawaida ya mkoa inayokwenda Dijon inasimama Beaune, safari haifiki masaa mawili. Unashuka unatembea kwa miguu mpaka mjini ndani ya ukuta wa zamani. Binamu yako mpeleke moja kwa moja Hôtel-Dieu, ni hospitali ya maskini iliyoanzishwa 1443, paa lake la vigae vya rangi rangi limepangwa kama mkeka wa ukili, ndani vitanda vyekundu vimepangwa mistari miwili na wagonjwa walilazwa pale mpaka miaka ya 1970. Sasa hapa ndo waini inapoingia: watu waliokuwa wanaachia hospitali urithi waliacha mashamba ya mizabibu, hospitali ikawa na mashamba yake yenyewe, inakamua waini na kuipiga mnada kila Novemba, Jumapili ya tatu, tangu 1859, na hela inakwenda hospitali. Yaani huyo asiyekunywa atakuwa ameelewa waini ya Bourgogne kuliko wewe uliyekunywa.

Kuhusu kuonja sasa. Mi nimetoka familia ya warina asali, baba akionja asali anakwambia hii nyuki wamekula maua ya mti gani na imetoka pori la upande upi, alafu hakosei, sisi watoto tulikuwa tunadhani anatuzuga. Sasa nilipofika Bourgogne nikamkuta mzee mmoja ananiwekea glasi mbili, zabibu ni ileile Pinot noir, mkulima ni yuleyule, mwaka uleule, tofauti moja ipo juu ya kinjia cha trekta nyingine chini yake. Nikaonja. Si kitu kimoja! Ile ya juu ngumu inakaa mdomoni, ya chini laini inapotea haraka. Bei sasa, ya juu mara nne. Hivyo vipande vya shamba wanaviita climats, kila kimoja kina jina na mpaka, vingine vimezungushiwa ukuta wa mawe na watawa mamia ya miaka nyuma, kuna kimoja Clos de Vougeot hekta kama 50 tu lakini wamiliki wako kama 80, mtu ana mistari michache basi anatembea kifua mbele. Na madaraja juu yake, ya mkoa, ya kijiji, premier cru, grand cru ndo la juu kabisa, waliolima tumbaku Urambo hapa wananielewa, jani ni lako lakini daraja anakupangia mwingine na daraja ndo bei.

Nikawa nawaza sisi asali yetu ya miombo tunachanganya yote kwenye dumu moja la njano tunauza kwa lita barabarani. Haya nimetoka kwenye mada.

Angalizo: Beaune ghali. Na wakulima wadogo wengi hawapokei mtu anayejitokeza tu, lazima uandike barua pepe uombe miadi, na saa sita mpaka saa nane mchana wanafunga wanakula, usigonge mlango wa Mfaransa saa saba mchana.

kibirizi_boy

Kote huko kwa nini? Panda treni shuka Dodoma, zabibu zipo wanavuna mara mbili kwa mwaka, hao Wafaransa mara moja tu 😂

asali_ya_Sikonge

Ni kweli wanavuna mara mbili na mi nimekunywa sana ya Dodoma, ila mtoto yupo Lyon mwezi wa nne, sasa atoke Lyon aje ashuke Dodoma?

ndugu_wa_Kasulu

Mi naishi Valence, na Tain ni kituo kimoja cha jirani kwa hiyo nisikilizeni mimi.

Kwa hela ya mwanafunzi hakuna mjadala, Tain. Lyon mpaka Tain ni saa moja hivi, na njiani treni inasimama Vienne, shukeni pale asubuhi, binamu apige picha hekalu la Warumi limesimama zima katikati ya mji watu wanakunywa kahawa pembeni kama vile si kitu, la miaka elfu mbili hilo. Pandeni inayofuata. Mkishuka Tain kilima cha Hermitage hichooo, kinaanzia nyuma ya nyumba, huhitaji gari wala kiongozi, unapanda kwa miguu katikati ya mizabibu mpaka kikanisa kidogo cha juu, ndani ya saa moja upo unaangalia mto Rhône unapinda chini. Kimelimwa kwa matuta ya mawe kama wenzetu wa milimani maana trekta haipandi, na hapo juu mwinuko ni wa kushika magoti, vaeni raba. Kilima kizima hekta kama 130 tu halafu dunia nzima inakigombania.

Zabibu nyekundu ya pale ni Syrah. Ukinusa unapata pilipili manga, sitanii, pilipili manga iliyotwangwa sasa hivi. Ikiwa changa ina ukakasi mkali, kama umekula zambarau nyingi ulimi ukakwama, usiogope, wenyewe wanaweka miaka kumi ndo wanafungua. Ya Hermitage yenyewe huna hela, nami sina. Chukua Crozes-Hermitage, ni mashamba yanayozunguka kilima, zabibu ileile, bei ya binadamu. Kuna duka la ushirika wa wakulima pale pale mjini, wanakuonjesha kwa mpangilio na hawakuangalii viatu.

Na UTEME. Unaangalia rangi, unazungusha glasi, unanusa, unavuta kidogo unasukutua kama mswaki, unatema. Siyo ushamba, anayemeza zote ndo anaonekana mgeni. Glasi sita ukimeza huonji tena ya saba, unakunywa tu.

Binamu sasa: Tain ndo kwao kampuni ya chokoleti ya Valrhona, wana jumba lao la Cité du Chocolat, unaonja chokoleti za kakao kutoka nchi tofauti, hapo na yeye ataanza kusema hii chungu hii ina limao. Muachane kwa masaa mawili kila mtu aonje chake, mkutane kwenye daraja la waya la watembea kwa miguu linalovuka Rhône kwenda Tournon, mkaangalie ngome.

ujiji_kwetu

Niwaambie kitu upande wa asiyekunywa maana mi ni huyo. Wenzangu wa chuo walinichukua Alsace kuzunguka vijiji, mandhari nzuri ajabu, nyumba kama za kuchora. Kijiji cha kwanza nilifurahi. Cha pili nikawa nashika simu. Cha tatu nimeshakuwa mlinzi wa mikoba ya walevi na mtafsiri wa watu wanaorudia sentensi moja. Halafu kuna wengine wetu hata kukaa meza inayonywewa hatutaki, wengine hatujali, we usiamue kwa niaba yake eti juisi itamtosha. Muulize kabla hujakata tiketi. Wazo la kuachana kwa masaa mawili ndo la maana kuliko yote niliyosoma humu.

kuhe_mkubwa

Naongezea, kata kadi ya treni ya vijana, miaka 12 mpaka 27, euro 49 kwa mwaka mzima, zile treni za kasi, TGV, inakushushia asilimia 30. Kwa hizi treni za mkoa angalia punguzo la mkoa wenyewe. Na piga picha ratiba ya treni ya mwisho ya kurudi, mi nimewahi lala stesheni ndogo na chupa mbili mkononi, baridi ya mwezi wa nne kule si ya mchezo.

asali_ya_Sikonge

Ee hilo la mwezi wa nne nilisahau. Usitegemee kuona zabibu, mizabibu imekatwa mifupi imebaki kama vijiti ndo inaanza kuchipua. Ila ndo kipindi wakulima hawalali, baridi ya usiku ikishuka chini ya sifuri machipukizi yanaungua, wanawasha mishumaa mikubwa mamia katikati ya mistari mpaka asubuhi. Nimeona mara moja kutoka dirisha la treni alfajiri, nilidhani ni kijiji kinaungua.

mwisho_wa_reli

Wakuu nimewaelewa. Nimempigia binamu, kasema shambani anaingia, meza ya kuonjea hakai, na neno chokoleti nilipolitaja hakunisikiliza tena. Kwa hiyo siku ya kwanza tunabaki Lyon hapohapo, nampandisha kilima cha Fourvière na zile njia za kupita ndani ya nyumba za watu mji wa kale. Ya pili Vienne na Tain. Ya tatu Beaune kwa ajili ya hospitali ya kaka wa Tabora, mi nitaomba miadi ya mkulima mmoja tu asubuhi, huyo wa glasi mbili kama bado yupo, na binamu atakuwa anahesabu vigae. Bordeaux naiweka mpaka nimalize tasnifu, kuhe mkubwa utaniunganisha na mtu wa kulala kwake.

Mama Mwandiga nitaonja na kutema, nakuahidi.

mama_wa_Mwandiga

Unanunua kitu halafu unatema. Haya.

asali_ya_Sikonge

Dogo unarudi Dar kwa treni au ndege? Kama treni, ikisimama Tabora niangalie dirishani, nakuletea chupa mbili ndogo za asali, moja ya Sikonge moja ya huku Kwihara, usichanganye. Ukifika kwa yule mzee mwekee naye vijiko viwili.

mwisho_wa_reli

Treni kaka, ndege hela imeishia kwenye dagaa. Behewa nitakutumia namba nikishakata, nitavaa kofia nyekundu.