Naomba ushauri: kayaki ya kwanza kwa ghuba ya Mikindani, na kuisafirisha kutoka Dar

Habari zenu wakuu. Natafuta kayaki (kamtumbwi chembamba ka kupiga kasia) ya plastiki ya matembezi, ya kutumia ndani ya ghuba ya Mikindani asubuhi kabla kusi haijakaza. Nimebaki na mbili.

Ya kwanza ni ya kukalia juu: mita 3, upana sentimita 78, kilo 25, ina matundu ya kutolea maji. Ikipinduka unaigeuza na kupanda tena. Ya pili ni ya kuingiza miguu ndani: mita 3.2, upana 70, kilo 21. Hii inakata maji vizuri zaidi, ila haina vyumba vya hewa omo (mbele) wala tezi (nyuma). Ikijaa mbali na ufukwe, kuyakumba maji peke yako ni kazi kubwa. Naegemea ya kwanza, ila uzito unanitisha. Siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) maji yakitoka unavuka tope na mawe, na kuiburuta kunakula plastiki ya tezi. Kuna anayetumia kigari cha magurudumu mapana?

Usafiri ndio unaniumiza kichwa. Ni kilometa zipatazo 560. Nawaza keria ya Noah, kayaki kifudifudi, mikanda miwili ya kuvuta kwa mkono (ukiipiga msokoto mmoja haivumi kwa upepo), na kamba omo na tezi. Mikanda ya rachet (ya kukaza kwa wenzo) naiogopa: plastiki ikipigwa jua hulainika, ukikaza mno inabonyea.

Fito za keria zimeachana sentimita 70 tu. Zitahimili matuta, au nipakie kwenye roli juu ya magunia?